Kabla hujaikemea chupa ya mafuta

Ukipangiwa usharika wa Kilutheri kwa mara ya kwanza, iwe ni mafunzo kwa vitendo au umeshahitimu na unasubiri kubarikiwa kuwa mchungaji, utaondoka chuo cha theolojia na madaftari yenye mada nzuri za injili na utamaduni: mababu, tambiko, ngoma, mahari. Mada hizo zina ukweli wake na utakutana nazo. Ila muumini atakayekuumiza kichwa zaidi hatakuja na kibuyu. Atakuja na simu. Usiku amemsikiliza mtumishi mmoja wa mjini hadi saa nane, alfajiri ametuma "mbegu", yaani sadaka ya kuvunia baraka, kwa M-Pesa, na Jumapili saa nne yuko kiti cha pili kutoka mbele, anaimba ubeti wa nne bila kutazama kitabu. Nyumbani kwake, kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, kuna chupa ndogo ya mafuta ya upako. Na huyo ni mzee wa kanisa.

Wengi wenu mtataka kuikemea hiyo chupa mimbarini wiki ya kwanza tu. Subirini kwanza.

Mwaka 2011, kama mlikuwa wadogo waulizeni wazazi wenu, nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema Mungu amemwonyesha mti na dozi: kikombe kimoja, shilingi 500, basi. Magari yalipanga foleni kilomita nyingi porini, wagonjwa wengine wakafia njiani, na viongozi wakubwa nao walikwenda kunywa. Sasa kitazame kile kikombe kwa macho ya mwanatheolojia. Mti ni wa dawa za asili. Ndoto ya kufunuliwa dawa, bibi yako angeielewa bila kufafanuliwa. Maombi ni ya Kikristo, habari zinasambaa kwa simu na magazeti, na bei ni ya soda. Je, huo ni utamaduni wa zamani au wa sasa? Swali lenyewe halina maana. Aliyekunywa hakujigawa vipande viwili, na wewe usimgawe.

John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya aliyefundisha Makerere na baadaye akachunga usharika Burgdorf, Uswisi, aliandika mwaka 1969 kwamba Ukristo ulioletwa na wamisionari umefungiwa siku sita, unafunguliwa kwa muda wa saa mbili tu Jumapili. Kwa maoni yangu, katika yote aliyoandika, hilo ndilo la kwenda nalo usharikani. Mtoto akipandisha homa Jumanne usiku, duka likikosa wateja mwezi mzima, binti akikaa miaka bila kushika mimba, hizo ni siku zile sita. Mganga yuko wazi siku zote saba, na nabii wa kwenye simu yuko hewani saa ishirini na nne. Ofisi ya usharika hufungwa saa tisa na nusu.

Kwa hiyo ukitembelea nyumba, kunywa chai kwanza, kisha ukiiona chupa uliza, "Mama, haya unayatumia kwa ajili ya nini?" Uliza kwa nia ya kujua kweli, maana wazee wetu wanautambua mtego kabla hujamaliza kuutega. Utaambiwa ni ya fremu ya duka Kariakoo, au ya kijana aliyemaliza chuo na hajapata kazi. Hapo ndipo mazungumzo yameanza. Ukianza na kukemea, chupa itahamia chumbani na wewe utabaki mgeni wa sebuleni hadi utakapohamishwa.

Na kuna swali moja usiliache kamwe ukikaa na mgonjwa: "Dawa za hospitali unaendelea nazo?" Wakati wa kikombe wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa sababu waliamini wamepona. Mpeleke kliniki, ikibidi msindikize. Mafundisho mtayaongea mkisharudi.

Sasa nije kwenye lile ninalolisema kila nikipewa nafasi. Silaha ya kuijibu injili ya mafanikio tunayo, tena vijana wetu wa Kipaimara wanaikariri kila Jumamosi. Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 alijiuliza mkate wetu wa kila siku ni nini, akataja chakula, mavazi, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mwenzi mwema, watoto wema, serikali njema, hali ya hewa nzuri, amani, afya, majirani waaminifu. Viatu! Ng'ombe! Kwa hiyo anayekuambia kwamba Walutheri wanajali roho tu na mwili wamewaachia wapentekoste, mfungulie ukurasa huo. Kisha soma sentensi iliyotangulia orodha, maana ndiyo yenye makali: Mungu huwapa mkate huo hata waovu, bila wao kuomba, sisi tunaomba ili tuutambue na kuupokea kwa shukrani. Iweke sentensi hiyo kando ya "panda mbegu ndipo uvune". Luther anasema Mungu ameshatoa, nabii anakutajia namba ya kutumia muamala. Hubiri hilo polepole, kwa mifano ya sokoni, bila kumtaja nabii yeyote kwa jina. Watu wana akili, wataunganisha wenyewe.

Kuna shimo upande wa pili pia, na siku hizi wanatheolojia wengi huangukia huko. Kijana anafika usharikani, anaona ibada ya maombezi ya Alhamisi imejaa kuliko ya Jumapili, na mwezi wake wa tatu sauti imekauka, suti imebana, kinanda kinapigwa chinichini wakati wa maombi, na kila sentensi inaishia na "pokea!" Siyapingi maombezi. Kuwaombea wagonjwa ni kazi yetu tangu Yakobo sura ya 5. Ila jipime hivi: baada ya ibada, nenda kamwone yule ambaye hakupona. Kama huna la kumwambia isipokuwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo, basi ulichohubiri Alhamisi hakikuwa injili. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Ni mji ambao Walutheri na Wakatoliki wamekuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja. Tuliwalaumu sana walioandaa, na ni sawa. Sikusikia wengi wakiuliza watu wale walikuwa wanatafuta nini ambacho kengele zetu zote hazikuwapa.

Msiba nitaugusa kidogo, maana utajifunza kwa kukaa. Ukifika utakuta kikao cha ukoo kimeshaamua siku, kaburi na hata muda wako wa kuhubiri. Kaa. Usianze kushindana kuhusu nani anamwaga udongo wa kwanza. Na kama marehemu alikuwa ametengwa na kanisa, usiahidi chochote, wala usikatae chochote. Mpigie mchungaji kiongozi, kisha rudi ukae mkekani na wafiwa.

Kitu cha kufurahisha zaidi kukichunguza ni mnada baada ya ibada. Wageni hudhani ni kelele za kutafuta fedha za jengo. Simama pembeni uangalie. Bibi ameleta mayai matatu kwenye kikapu kama sadaka. Mnadishaji anaanza na elfu moja, yanafika elfu kumi, aliyenunua anayarudisha madhabahuni, yananadiwa tena, mwisho kuna mtu anayanunua na kumpelekea mjane aliyekaa ukutani. Watu wanacheka, wanataniana kwa makabila yao. Nimewahi kusikia mihadhara mirefu kuhusu neema isiyofika pale. Lakini upo pia mnada ambao wafanyabiashara wawili wanapimana misuli mbele ya mabinti wa kwaya, na yule wa sadaka ya mia mbili anaondoka kabla haujaisha. Yote miwili inaitwa mnada. Kutofautisha hiyo miwili ndiyo kazi uliyosomea, na hakuna mtihani uliokupima hilo.

Mwisho, ripoti yako ya chuo. Wasimamizi wamechoka kusoma "changamoto ya imani za kishirikina katika usharika". Chagua nyumba moja tu. Andika ulichoulizwa, ulichojibu, na andiko ulilokwenda kulisoma tena usiku ule kwa sababu jibu halikukutosha. Badilisha jina la muumini na la mtaa, maana karani wa usharika ndiye atakayekupigia chapa hiyo ripoti, na karani ana shemeji kila mtaa.