Maswali ya Wasomaji: Tabo Ndogo za Upepo na Maji kwa Kuchaji Betri

Swali: Ndugu Mhariri, nakusudia kukaa majuma kadhaa mahali pasipofikiwa na umeme, nikiwa na simu mbili, taa ya kichwani na redio. Nimeona matangazo ya tabo mbili za kubebeka, yaani mashine zenye mapanga yanayozungushwa ili kuzalisha umeme: ya upepo, ambayo hukunjwa ikaingia mkobani, imeandikwa wati 40, ya maji, ambayo hufungwa kamba na kutumbukizwa mtoni, imeandikwa wati 15 tu. Je, si bora ninunue hiyo ya upepo?

Jibu: Ndugu msomaji, tafadhali usinunue kwa kutazama wati peke yake. Wati zinazochapishwa kwenye boksi ni zile zilizopatikana katika kasi fulani ya upepo au ya maji, na watengenezaji wengi wa tabo za upepo huchagua kasi ya mita 11 au 12 kwa sekunde, yaani upepo wenye nguvu ya kuyumbisha matawi makubwa ya miti. Nguvu iliyomo katika upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara 8, na kasi ikipungua hadi nusu, hubaki sehemu moja tu kati ya 8. Kwa hiyo tabo inayotoa wati 40 kwenye upepo wa mita 12 kwa sekunde hutoa takriban wati 5 upepo unapokuwa wa mita 6, na unapokuwa wa mita 3 haifikishi hata wati 1, ikiwa mapanga yake yatazunguka hata kidogo.

Maji nayo yana faida ya uzito. Mita moja ya ujazo ya hewa, karibu na usawa wa bahari, ina takriban kilo 1.2, ilhali ya maji ina kilo 1,000. Ndiyo maana mkondo unaokwenda mita 1 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, hubeba wati 500 katika kila mita ya mraba, kiasi ambacho upepo hauwezi kukifikia mpaka upite mita 9 kwa sekunde. Hata hivyo hakuna tabo inayovuna yote. Mwanafizikia wa Ujerumani, Albert Betz, alionyesha yapata mwaka 1920 kwamba tabo iliyo wazi katika mkondo haiwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu inayoipitia, kwa kuwa hewa au maji yaliyonyang'anywa nguvu zote yangesimama palepale na kuyazuia yanayokuja nyuma. Tabo ndogo za kubebeka hupata pungufu zaidi ya hapo, mara nyingi robo hivi.

Tufanye hesabu. Tabo ya maji yenye mapanga ya kipenyo cha sentimita 20, ikiwa katika mkondo wa mita 1 kwa sekunde, hupitiwa na wati 16 hivi na kutoa kama wati 4. Wati 4 ni kidogo, lakini mto haulali: kwa saa 24 zinakuwa wati-saa 96. Betri ya simu ya miliampea-saa 5,000 huhifadhi takriban wati-saa 19, kwa hiyo hata baada ya kuondoa umeme unaopotea njiani, unaweza kujaza simu tatu kila siku. Mahitaji yako yanatoshelezwa kabisa, ilimradi mto huo upo na unakwenda kasi hiyo. Ukiwa na kasi ya nusu mita kwa sekunde, tabo hiyohiyo itakupa nusu ya wati, na hapo ni afadhali uiache nyumbani.

Naongeza jambo ambalo hukuliuliza. Kama unakokwenda kuna jua la kutosha, paneli ya sola inayokunjwa ndiyo iwe tegemeo lako la kwanza, kwa kuwa ni nyepesi na haina sehemu inayozunguka ikachakaa. Tabo hustahili nafasi mkobani pale ambapo mawingu hukaa siku nyingi, miti imefunika anga, au bonde ni jembamba kiasi kwamba jua hupita kwa muda mfupi tu.

Swali: Nitaijuaje kasi ya maji au ya upepo bila vifaa vya kitaalamu?

Jibu: Kwa maji, pima mita 10 kando ya sehemu iliyonyooka ya mto, tupa kijiti katikati ya mkondo, kisha hesabu sekunde. Kikitumia sekunde 10, kasi ya maji ya usoni mwa mto ni mita 1 kwa sekunde. Rudia mara kadhaa na uchukue wastani, na ukiweza pima katika msimu ambao maji ni machache. Kwa upepo, majani na vitawi vikitikisika mfululizo, kasi ni kama mita 4 au 5. Miti midogo ikianza kuyumba yote, imefika 8 hadi 10. Usitegemee dakika chache za upepo mkali, angalia hali inayodumu.

Pia usiifunge tabo ya upepo kwenye mti wa hema wala nyuma ya jengo au kichaka. Hewa iliyovurugwa na kizuizi huyafanya mapanga yageukegeuke bila kuzalisha kitu. Tafuta uwanda ulio wazi au kilele, na uiinue juu ya mlingoti kadiri utakavyoweza kuufunga kwa usalama.

Swali: Je, naweza kuiunganisha simu moja kwa moja na tabo?

Jibu: Hapana. Umeme wa tabo hupanda na kushuka kila upepo unapobadilika, na simu nyingi huacha kuchaji kila umeme unaposhuka, kisha huanza upya. Chaji kwanza pawabenki au betri nyingine kupitia kidhibiti (kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri) kinachoifaa betri hiyo, halafu uchaji simu kutoka hapo. Betri za lithiamu-ayoni zisichajiwe zikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, maana huharibika kwa ndani bila dalili ya nje.

Kwa tabo ya upepo, hatari kubwa zaidi hutokea betri inapojaa. Kidhibiti cha sola hukata tu mawasiliano, lakini tabo iliyokatwa ghafla hukosa mzigo wa kuishikilia, nayo huzunguka kwa kasi inayoweza kuvunja mapanga. Hakikisha kidhibiti chako kina mahali pa kuelekezea umeme wa ziada ukageuzwa joto, au kina breki. Tabo ya maji ifungwe kamba mbili, katika sehemu mbili tofauti za ukingo, na mvua kubwa ikianza kunyesha upande wa juu wa mto, itoe majini kabla magogo hayajafika. Usiiguse kabla haijasimama kabisa.