Vilele vipya kwenye amoksilini: maswali yenu

Kapsuli zetu za amoksilini zimemaliza miezi 6 kwenye kabati la kupimia uthabiti, la nyuzi 40 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 75. Kiambato hai kimeshuka kutoka asilimia 100 hadi 97, ila kwenye kromatogramu (mchoro wa mashine inayotenganisha kemikali, ambapo kila kemikali huonekana kama kilele) kuna vilele viwili vipya. Tumefaulu?

Bado. Kwa mwongozo wa ICH (baraza la kimataifa linalolinganisha masharti ya dawa), kiambato hai kikibadilika kwa asilimia 5 ndipo badiliko huitwa kubwa, kwa hiyo hiyo 3 inavumilika. Lakini kichafuzi (kemikali isiyotakiwa, kama zao la dawa kuvunjika) kimoja tu kikivuka ukomo wake, hilo nalo ni badiliko kubwa. Tafadhali usisaini ripoti kabla ya kujua vilele hivyo ni vya nini.

Nitavitambuaje?

Iharibu dawa makusudi: sampuli moja kwenye asidi, nyingine kwenye besi, nyingine kwenye peroksidi, nyingine kwenye joto, nyingine kwenye mwanga. Kilele kikitokea kwenye besi dakika ileile kinapotokea chako, umepata fununu ya kilichoivunja dawa. Kisha nenda kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli.

Uzito wa molekuli ya amoksilini ni 365. Ukipata 383, yaani 18 zaidi, maji yameingia yakafungua pete ya beta-laktamu, sehemu ya molekuli inayoua bakteria. Hiyo ni asidi ya penisiloiki. Vilele vyote viwili vina 383? Inawezekana kabisa, kwani asidi hiyo huwa na maumbo mawili. Ukipata 730, molekuli mbili zimeungana.

Wengi hukwama kwenye daiketopiperazini, zao jingine la amoksilini kuharibika. Hapo molekuli imejifunga upya yenyewe bila kupata wala kupoteza chochote, hivyo uzito unabaki 365, sawa na dawa nzima. Masi peke yake haitoshi. Linganisha na kiwango rejea, yaani sampuli safi ya kemikali hiyo inayojulikana.

Dawa iliyovunjika si imepungua nguvu tu?

Hapana, na ndiyo sababu nasisitiza utambuzi. Mwaka 1963 ziliripotiwa kesi za wagonjwa walioharibika figo baada ya kumeza tetrasaiklini, antibiotiki nyingine, iliyochakaa. Lawama ziliangukia zao la mvunjiko wake, anhidro-4-epitetrasaiklini. Kupima kiambato hai peke yake kusingelionyesha.

Amoksilini na klavulaneti ya maji ya mtoto lazima ikae friji?

Ndiyo, ikishachanganywa na maji. Klavulaneti, kiambato kinachoilinda amoksilini dhidi ya bakteria sugu, huvunjika haraka kuliko amoksilini. Chupa nyingi huandikwa siku 7. Fuata lebo yako, na muda ukipita usimpe mtoto hata kama imebaki nusu chupa.