Kabla hujafungua programu, uliza kazi inakwenda wapi

Nahodha mmoja wa hapa Lamu alinijia akitaka nembo ya mashua yake: papa aliyepinda mkia, na jina la chombo chini yake. Nikamchorea kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, upana wa pikseli 1,000, yaani vidoa 1,000 vya rangi. Kwenye simu ilipendeza mno. Wiki mbili baadaye akataka bango la mita 3 la kutundika siku ya mashindano. Sasa pikseli 1,000 ukizitandaza kwenye mita 3, kila moja inakuwa kiraba cha milimita 3. Mkia wa papa ulitoka kama ngazi. Nilikesha nikimchora upya, na gharama ya bango lile nikailipa mwenyewe. Photoshop haikuwa na kosa. Mimi ndiye sikumuuliza nembo itakwenda wapi.

Tangu hapo nembo zote nazichora kwenye programu ya Inkscape. Inahifadhi hesabu ya mistari, si vidoa vya rangi, kwa hiyo papa yule yule anakaa kwenye kadi au kwenye tanga bila kuharibika. Nayo ni ya bure. Illustrator na CorelDRAW zinafanya kazi hiyo hiyo, ila za kulipia. Muulize mapema mchapaji wako anapokea faili za aina gani.

Ukiwa na picha, tuseme ya mlango wa nakshi, hapo fungua Photoshop, au GIMP kama huna pesa. Kipeperushi cha A5 kinachochapwa kwa dpi 300, yaani vidoa 300 kwa kila inchi, kinataka pikseli 1,748 kwa 2,480. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imebanwa, basi mwombe mwenyewe aitume kama dokumenti. Kitabu chenye kurasa nyingi kipeleke Scribus, programu ya kupanga kurasa.

Wako wanaoidharau Canva, programu ya mtandaoni yenye violezo vilivyo tayari. Mimi naiheshimu: tangazo la Maulidi linalotakiwa kwenye simu za watu jioni hii hii, Canva inatosha kabisa. Shida huja tangazo hilo hilo likitakiwa kwenye karatasi. Skrini hutoa mwanga, printa hupaka wino, na buluu iliyong'aa kwenye simu hutoka imefifia. Siku hizi naomba nakala moja ya majaribio, natoka nayo nje, naitazama juani, ndipo nawaambia wachape zilizobaki.