Kabla ya Kumpelekea Kocha Namba: Kwa Wanaoanza Kazi ya Vifaa vya Setilaiti Uwanjani

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya kuchambua mwendo wa wachezaji katika klabu za raga na mpira wa miguu hapa Uganda, naomba nianze na kifaa chenyewe, kwa sababu wengi hukabidhiwa sanduku la vifaa na kompyuta bila kuelezwa kinachofanyika ndani yake. Kifaa kile kidogo kinachokaa mgongoni, katikati ya mabega, hakipimi mita kama futikamba ipimavyo. Kinapokea mawimbi kutoka kwa setilaiti zilizo kilomita 20,000 hivi juu ya dunia, na kinahitaji angalau nne kwa wakati mmoja ili kukadiria kilipo na kusahihisha saa yake. Kasi, katika vifaa vingi, hukadiriwa kutokana na jinsi masafa ya mawimbi hayo yanavyobadilika mchezaji anaposogea, yaani athari ya Doppler. Kila mita unayoiona kwenye kompyuta ni jumla ya makadirio mengi madogo, na kila kadirio lina kosa lake.

Kosa hilo halilingani katika kila aina ya mwendo, na hapa ndipo wageni wa kazi hii hupotea. Mchezaji akikimbia polepole kwa mstari ulionyooka, karibu kila kifaa kizuri kitakupa umbali usiopishana sana na ukweli. Akichomoka kwa mita 5, akasimama ghafla na kugeuka kumkaba mpinzani, mambo hubadilika kabisa. Chukua mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde: kifaa kinachosoma mara 1 kwa sekunde kitamwona kila baada ya mita 8, ilhali kinachosoma mara 10 kitamwona kila baada ya sentimita 80. Vifaa vya mara 10 kwa sekunde ni bora zaidi kuliko vile vya zamani vya mara 1 au 5, lakini hata hivyo hesabu ya michapuko, yaani mara ngapi mchezaji ameongeza au kupunguza kasi kwa nguvu, ndiyo namba ninayoiamini kwa tahadhari kubwa kuliko zote.

Katika msimu wangu wa kwanza nilimpelekea kocha wa timu moja ya raga ripoti iliyoonyesha kwamba winga wake amepungukiwa na mbio za kasi kwa wiki mbili mfululizo. Kijana aliwekwa benchi. Alikuja kuniuliza kwa upole kabisa amekosea wapi, kwa kuwa mwili wake haukuhisi uchovu wowote, nami sikuwa na jibu la maana. Jioni ile nilipekua kumbukumbu za vifaa na kugundua kwamba wiki zile mbili alikuwa amevaa kifaa namba 14, wakati miezi yote ya nyuma alivaa namba 6. Tulikuwa tunavigawa mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, anayefika anaokota kilicho karibu. Kesho yake nilivifunga vyote viwili mgongoni mwangu, nikatembea, nikakimbia taratibu, kisha nikachomoka mara kadhaa kati ya koni. Umbali wa jumla ulikaribiana sana, lakini mbio za kasi zilipishana kwa kiasi kilichokaribia upungufu wote niliouripoti. Nilirudi kwa kocha nikamweleza, na winga akarudi uwanjani.

Tangu hapo kila mchezaji ana kifaa chake kilichoandikwa jina, hata mazoezini. Fulana nayo lazima imbane, kwa maana kifaa kinachochezacheza mgongoni huongeza misukosuko ambayo kihisi mwendo kilichomo ndani hudhani ni kazi ya mchezaji.

Mazingira yetu pia yana mambo yake. Uwanja wa Nakivubo umezungukwa na majengo katikati ya Kampala, na majukwaa marefu au kuta huziba sehemu ya anga na kuyarudisha mawimbi, hivyo winga anayecheza chini ya jukwaa anaweza kupata data mbaya kuliko kiungo wa kati katika mechi ileile. Isitoshe, tuko karibu na mstari wa ikweta, ambako ayonosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, huvuruga mawimbi ya setilaiti, hasa baada ya jua kuzama katika miezi ya karibu na Machi na Septemba. Kwa hiyo usilinganishe mazoezi ya saa mbili usiku na yale ya saa nne asubuhi kabla ya kutazama idadi ya setilaiti na ubora wa mpangilio wake, yaani jinsi zilivyotawanyika angani, taarifa ambazo programu nyingi huzihifadhi ingawa hazioneshwi ukurasa wa kwanza. Viwashe vifaa robo saa kabla ya mazoezi, mahali pa wazi, si ndani ya begi.

Kuna mtego mwingine usioonekana. Mtengenezaji akibadilisha programu ya kifaa au jinsi ya kulainisha data, hesabu ya michapuko inaweza kupanda au kushuka sana bila wachezaji kubadilika hata kidogo. Andika daftarini tarehe ya kila badiliko, pamoja na kiwango cha kasi ulichoweka. Wengi katika mpira wa miguu huanza kuhesabu mbio za kasi kwenye kilomita 19.8 kwa saa, lakini klabu nyingine hutumia kiwango tofauti.

Mwanzoni mwa kila msimu mimi hupima uwanja kwa futikamba, kwa kuwa viwanja vyetu vingi havifikii mita 105 kwa 68 zinazodhaniwa. Kisha huvaa vifaa viwili viwili, nikazunguka mstari wa pembeni na kurudia mbio fupi za kugeuka kati ya koni, mpaka nipate tofauti ya kawaida ya kila jozi. Tofauti hiyo naiandika juu ya ukurasa wa kila ripoti, na badiliko la mchezaji lililo dogo kuliko hiyo silipeleki kwa kocha.