Udongo wa Kisima Una Miaka Milioni 34: Nani Aliuhesabu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Pande, Kilwa. Fundi aliyetuchimbia kisima alitoa udongo wa kijivu unaoteleza kama sabuni. Mjomba anasema wataalamu waliochoronga huku zamani walisema una miaka milioni 34 hivi. Udongo hauna cheti cha kuzaliwa! Walipima kwa kaboni?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaboni hapana. Kaboni ya kupimia umri hupungua kidogo kidogo yenyewe; ikivuka miaka elfu 50 hivi, hakuna kilichobaki cha kupima.

Chukua bonge la udongo huo, saizi ya ngumi, liloweke usiku kucha, kisha lioshe juu ya chekeche lenye matundu ya maikroni 63 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nimesimama kwenye karo miezi mingi nikiosha hivyo mpaka vidole vikajikunja. Tope lote huenda na maji, unabaki na kama kijiko cha mchanga laini. Ukiutia chini ya hadubini, kumbe si mchanga tu: yamo magamba ya foraminifera, viumbe vya baharini vya seli moja. Ya Kilwa hung'aa kama kioo, maana udongo wenu wa mfinyanzi haupitishi maji ya kuyaharibu. Kwingineko mengi huwa meupe kama chaki.

Kimoja huitwa Hantkenina, na vyumba vya gamba lake vina miiba. Unafuata sampuli kutoka chini kwenda juu: kimo, kimo, kimo, halafu hakimo tena. Hapo ndipo Eosini inapoishia na Oligosini inapoanza, vipindi viwili vya kale vya historia ya dunia.

Ila gamba halitaji mwaka, hutaja kabla na baada tu. Mwaka ulitafutwa mbali, Massignano karibu na Ancona, Italia. Huko Hantkenina hutoweka vilevile, na mwamba una matabaka ya majivu ya volkeno, ambayo umri wake hupimika kwa potasiamu inayogeuka argoni. Tena mwamba huo ukasomwa kwa sumaku. Chembe za madini ya chuma zikitua topeni hujipanga kama sindano ya dira, tope likishikamana zinakwama hivyo hivyo. Sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi, mara ya mwisho yapata miaka 780,000 iliyopita. Hantkenina ilitoweka wakati ambao dira yako ingeonyesha kusini. Yote yakapatana kwenye miaka milioni 33.9.

Sumaku pekee siiamini. Kaskazini, kusini, kaskazini: ni mistari ya pundamilia, hujui umesimama kwenye wa ngapi mpaka kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale kama magamba yale, kikwambie. Na ni rahisi kukosea. Niliwahi kusahau kuchora mshale wa "juu" kwenye kipande cha mwamba. Kikipinduliwa, kaskazini inakuwa kusini. Kazi ya asubuhi nzima niliitupa.

Fundi akirudi, nihifadhie bonge moja kwenye kopo safi, uandike kina ulipotoka. Usilitie ndimu wala siki. Magamba yale ni chokaa, yatayeyuka yote.