Vitabu na karatasi za kujengea modeli ya reli ya zamani: uzoefu wangu na njia ya Voi–Moshi

Mkuu, umeuliza mtu anayetaka kutengeneza modeli ya reli ya zamani ya Afrika Mashariki anunue vitabu gani, na umesema una picha nyingi ulizopakua lakini hujui pa kuanzia. Mimi najenga kipande cha Voi, Kenya, hadi Moshi kwa skeli ya 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na nimekifanyia kazi kwa miaka kadhaa. Nitakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe. Ni marefu, vumilia.

Usinunue chochote kabla hujachagua kipande cha njia na mwaka. Tunaposema "reli ya Afrika Mashariki" tunataja mambo mengi kwa jina moja. Waingereza walianza kutandika reli Mombasa mwaka 1896 wakafika Kisumu 1901. Huku kwetu Wajerumani walianzia Tanga mwaka 1893 na reli ikafika Moshi 1911. Mwaka 1948 mashirika ya Kenya, Uganda na Tanganyika yakaunganishwa kuwa East African Railways and Harbours, na 1977 umoja huo ukavunjika. Kila kipindi kina vichwa vyake vya treni, namba zake, rangi zake na hata maandishi yake ubavuni mwa mabehewa. Usipochagua mwaka, utajikuta umeweka kichwa cha 1939 kikivuta behewa la 1968.

Mimi nilichagua 1962, na sababu yake ni ya kijiografia. Njia ya Ruvu hadi Mnyusi, inayounganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati, ilifunguliwa 1963. Kabla ya hapo behewa lililopakiwa kahawa Moshi halikuweza kwenda Dar es Salaam kwa reli. Lilishuka Tanga, au lilipitia Kahe na Taveta hadi Voi, likaingia njia kuu ya Mombasa. Kwa hiyo mwaka 1962 kile kipande kidogo cha Voi–Kahe, kilichoanza kujengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndicho kilichokuwa mlango wa pekee wa reli kati ya kaskazini mwa Tanganyika na mtandao wa Kenya na Uganda. Ukijua hilo, kila behewa unaloliweka mezani lina safari yake na sababu ya kuwepo.

Sasa karatasi zenyewe. Msimamo wangu ni huu: karatasi zilizochapwa kwa ajili ya watu waliofanya kazi relini zina thamani kubwa kwetu kuliko vitabu vilivyoandikwa kuhusu reli. Hadithi za simba wa Tsavo zinasisimua na nimezisoma zote nilizozipata, lakini hazitakuambia stesheni ya Voi ilikuwa na njia ngapi za kupishania wala treni ya mizigo iliondoka saa ngapi.

Ya kwanza kuitafuta ni ratiba ya kazi. Siisemei ile ya abiria iliyobandikwa ukutani. Nasemea kile kijitabu walichopewa madereva, magadi (wasimamizi wa treni) na mastesheni masta. Ratiba ya abiria inaonyesha treni za abiria tu. Ya kazi inaonyesha zote: za mizigo, za mchanganyiko, na zile za siku maalumu za wiki. Nakala yangu nilipewa na familia ya mzee mmoja mstaafu wa reli hapa Moshi. Jalada limechanika na kurasa zimegeuka rangi ya chai, ila ndani ni hazina. Stesheni zimepangwa kushuka upande wa kushoto, kila treni ina safu yake, na kwenye kila stesheni ya kupishania kuna namba ndogo ya treni inayokuja kutoka upande wa pili. Pembeni mwa ukurasa mmoja mzee aliandika kwa penseli dakika za kujaza maji. Nilipokaa na ukurasa huo mmoja na rula, nikifuata safu moja kwenda na nyingine kurudi, nilijua treni mbili zinakutana wapi, ipi inasubiri, na kwa hiyo njia ya kupishania ya stesheni ile ilipaswa kumeza treni yenye urefu gani. Hapo ndipo modeli yangu ilipoacha kuwa mapambo ikawa reli inayofanya kazi.

Ya pili ni kitabu cha michoro ya vichwa. Shirika lilichapa vitabu ambavyo kila daraja la kichwa lilipewa ukurasa wake: mchoro wa ubavuni, vipimo vya magurudumu, urefu, uzito wote, na uzito kwa kila ekseli (mhimili wa magurudumu). Huo uzito wa ekseli usiuruke. Ndio unaokuambia kichwa kipi kiliruhusiwa kwenda wapi. Chukua Garratt (vichwa virefu vilivyoungwa kwa sehemu tatu) za daraja la 59, zile 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester na kupewa majina ya milima yetu. Zilikuwa vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko vyote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja, uzito wa tani 252, na tani 21 kwa ekseli. Hizo zilikuwa za njia kuu, Mombasa hadi Nairobi. Kwenye reli nyepesi ya kwenda Taveta hazina nafasi. Upande ule ulihitaji vichwa vilivyogawanya uzito wake kwa magurudumu mengi, mfano daraja la 60. Ndiyo maana Voi inapendeza sana kwa mjenzi: wakubwa wanapita njia kuu, wadogo wanasubiri pembeni na mabehewa ya Moshi.

Vitabu vya asili vya michoro ni adimu, lakini kuna njia ya mkato. Kitabu cha R. Ramaer kuhusu vichwa vya mvuke vya East African Railways, kilichotolewa 1974 na David & Charles, kina madaraja, idadi, watengenezaji na vipimo. Baadaye alikipanua kikatoka upya kwa jina la "Gari la Moshi". Kama una pesa ya kitabu kimoja tu, nunua hicho. Cha Kevin Patience, "Steam in East Africa" cha 1976, ni cha picha zaidi na kinagusa nchi zote tatu. "Permanent Way" cha M. F. Hill ni juzuu mbili, ya Kenya na Uganda ya 1949 na ya Tanganyika ya 1957. Ni historia rasmi, nzito, na sauti yake ni ya watawala wa wakati ule, lakini kwa tarehe za kufunguliwa njia ni msaada mkubwa.

Tahadhari kuhusu michoro. Ukipata mchoro kitabuni, usiweke rula ukaanza kukata plastiki. Wachapaji hupunguza michoro ienee ukurasa, na mashine ya fotokopi inaweza kuvuta upande mmoja kuliko mwingine. Tafuta kipimo unachokijua na ukilinganishe. Kwa daraja la 59, gurudumu la kuvutia lina kipenyo cha futi 4 na inchi 6, na urefu wote wa kichwa ni futi 104 na inchi 1½. Kwa skeli ya 1:87 futi moja ni milimita 3.5, kwa hiyo kichwa chako kitoke sentimeta 36 na nusu hivi, na gurudumu karibu milimita 16. Pima vyote viwili kwenye nakala yako, kimoja kwa mlalo na kingine kwa wima. Vikikataa kulingana, nakala imevutika. Tukiwa hapo hapo, reli ya mita moja ikigawanywa kwa 87 inatoka milimita 11.5, na reli za kununua zinazokaribia ni za milimita 12. Tofauti hiyo macho hayaioni.

Ripoti za mwaka za shirika watu wengi huzipita kwa sababu ni takwimu tupu. Mimi nazipenda sana. Ndani yake kuna tani za kila aina ya mzigo, vichwa vilivyoingia kazini na vilivyofutwa mwaka huo. Ukiisoma ya mwaka wako na ya mwaka uliotangulia, unajua uwiano wa mabehewa ya kutengeneza: mangapi ya mkonge, mangapi ya kahawa, mangapi ya mafuta. Ongeza na magazeti ya wafanyakazi, "Spear" na "Sikio". Humo utakutana na picha za sherehe, michezo na watu wamesimama mbele ya ofisi, na nyuma yao, bila mpiga picha kukusudia, kuna mlango, bati la paa, taa na ubao wa jina la stesheni. Mimi huangalia nyuma ya watu kwanza.

Ramani: tafuta zile za 1:50,000, mfululizo wa Y731 kwa Kenya na Y742 kwa Tanzania. Zinaonyesha kona, madaraja na miinuko. Ila kilomita moja kwenye ramani hiyo ni sentimeta 2 tu, kwa hiyo mpangilio wa njia ndani ya stesheni hutaupata hapo. Huo unataka plani ya stesheni yenyewe. Kumbuka pia kwamba kilomita hiyo hiyo kwa 1:87 ni mita 11 na nusu za chumba chako, kwa hiyo kufupisha ni lazima. Plani inakusaidia kujua nini ukikate na nini usikiguse. Pale Voi mimi singegusa mahali tawi la Taveta linapotokea.

Kuhusu hizo picha ulizopakua, nyingi hazina tarehe, na picha isiyo na tarehe inapotosha. Lakini unaweza kuzikadiria. Ukiona kichwa kimeandikwa EC3, hiyo ni namba ya zamani ya Kenya na Uganda; baada ya mashirika kuunganishwa 1948 daraja hilo likaitwa la 57. Vichwa vya daraja la 60 vilibeba majina ya magavana, na baada ya uhuru vibao hivyo vikaondolewa. Angalia pia dohani: vichwa vingi vilifungwa mtambo wa kutolea moshi uitwao Giesl, na dohani ikawa ya bapa, nyembamba ukiitazama kwa mbele, badala ya ile ya duara. Kuna dizeli ya daraja la 90 nyuma ya picha? Basi ni 1960 au baadaye. Rangi ndiyo ngumu. Vichwa vya mvuke vya shirika vilikuwa rangi ya damu ya mzee, lakini chapa za zamani za rangi huchuja, na kichwa cha makumbusho kinaweza kuwa kimepakwa upya. Linganisha vyanzo viwili vitatu kabla ya kufungua kopo.

Pa kuzipata: Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa East Africana, anzia hapo. Nyaraka za Taifa za Tanzania na za Kenya zina mafaili na ripoti, ila nenda na majina na miaka kamili, ukisema "naomba vitu vya reli" utarudi mikono mitupu. Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyoanzishwa 1971, nenda na tepu ya kupimia: pale kipo kichwa cha daraja la 59, namba 5918 Mount Gelai, na hakuna mchoro unaoshinda kusimama pembeni yake. Rekodi za Beyer Peacock zipo kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda ya Manchester. Na usiwasahau wastaafu na familia zao. Waendee kwa heshima, usianze na kuomba karatasi, anza na kuuliza kazi ilikuwaje. Ukikabidhiwa kitu, piga picha kila ukurasa siku hiyo hiyo na uwarudishie nakala nzuri. Karatasi hizi nyingine zimebaki moja tu, zikiishia kufungia vitumbua basi zimekwenda.

Taja kipande chako na mwaka hapa chini, mkuu. Kama ni kati ya Voi na Moshi, nitakupandishia kurasa za ratiba nilizonazo, na zile alama za penseli nitakueleza moja moja.