Maswali ya Wasomaji: Gari Lina Nguvu, Lakini Haliondoki

SWALI: Mshauri, pokea salamu kutoka Lanet, Nakuru. Nina Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba, ya mwaka 2014, yenye giaboksi ya DSG, ile inayojibadilisha gia yenyewe kwa klachi mbili, ya gia sita. Hivi karibuni fundi alibadilisha programu ya kompyuta ya injini, na mashine ya kupimia nguvu ikaonyesha niutoni-mita 420 za nguvu ya kuzungusha. Nililipeleka gari kwenye mashindano ya mita 402, ambayo magari mawili hukimbia bega kwa bega kwa mstari mnyoofu, nikatumia kidhibiti cha mwondoko, kile ambacho vijana hukiita lonchi, nikitarajia kufyatuka kama mshale. Badala yake tairi za mbele zilizunguka papo hapo zikitoa moshi, usukani ukavuta upande, na Golf ya rafiki yangu, ambayo injini yake haijaguswa, ikanitangulia tangu mwanzo hadi mwisho. Je, giaboksi imeharibika? Na je, kuna ubaya nikifanya mazoezi alfajiri kwenye barabara kuu, wakati magari ni machache?

JIBU: Ndugu yangu, giaboksi yako ni nzima. Kilichokushinda ni mshiko wa tairi.

Gari linapoondoka kwa kasi, uzito wake huegemea nyuma, nayo GTI husukumwa na magurudumu ya mbele, yaani yale yale yanayopunguziwa mzigo wakati yanapouhitaji zaidi. Chukua gari la kilo 1,400 pamoja na dereva wake, ambalo umbali kati ya ekseli ni mita 2.63 na kitovu cha uzito kiko sentimita 55 hivi juu ya ardhi. Likiongeza mwendo kwa kiwango cha nusu ya mvutano wa dunia, kilo zipatazo 145 huhama kutoka mbele kwenda nyuma, na tairi za kawaida za barabarani, hata zikiwa nzuri, haziwezi kulisukuma kwa kasi inayozidi hapo kwa mengi. GTI ilitoka kiwandani ikiwa na niutoni-mita 350, nazo hupatikana zote kuanzia mizunguko 1,500 kwa dakika, kwa hiyo katika gia ya kwanza nguvu hizo peke yake zinatosha kuzishinda tairi mbili. Wewe umeongeza 70 juu yake bila kubadilisha tairi. Tairi ikishaanza kuteleza, mshiko wake hupungua zaidi, na ndiyo maana rafiki yako alikwenda zake wewe ukiwa bado unachoma mpira.

Watu wengi hudhani kwamba kidhibiti cha mwondoko huipima lami na kuamua jinsi ya kuondoka. Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo. Unapozima au kulegeza mfumo wa kuzuia utelezi, ukaweka gia kwenye S, yaani hali ya michezo, ukakanyaga breki kwa nguvu kwa mguu wa kushoto na pedali ya mafuta hadi mwisho kwa mguu wa kulia, kompyuta huishikilia injini kwenye mizunguko iliyopangwa, ambayo kwa magari haya huwa kati ya 3,000 na 3,500. Ukiachilia breki, klachi hushika upesi na nguvu zote huteremka kwenye magurudumu. Mpango huo uliandikwa kwa ajili ya injini ya kiwandani, na kwa kuwa umezima kinga, hakuna kitakachopunguza nguvu kwa niaba yako.

Kwa hiyo anza na fundi aliyekuwekea programu. Mwombe ashushe mizunguko ya kuondokea na aweke kikomo cha nguvu katika gia ya kwanza na ya pili, nguvu kamili ije kuanzia gia ya tatu. Fundi anayeijua kazi yake hataliona ombi hilo kuwa geni. Baada ya hapo jifunze kuondoka kwa mguu: achilia breki, kisha papo hapo rudisha pedali ya mafuta hadi karibu nusu, uikanyage tena polepole kwa muda wa sekunde mbili hivi huku ukisikiliza tairi. Mlio mwembamba si mbaya. Tairi zikianza kunguruma na usukani kutetemeka, umeshapita kiasi. Upepo wa tairi za mbele unaweza kuupunguza hadi paundi 28 hivi, lakini urudishe kabla ya kushika barabara ya nyumbani. Yapite kando maji yaliyomwagwa kwa ajili ya magari yenye tairi maalumu za mashindano, kwa maana tairi za kawaida huyabeba ndani ya mifereji yake hadi kwenye mstari wa kuondokea.

Pima maendeleo yako kwa muda wa futi 60 za mwanzo, yaani mita 18.3, kabla hujautazama muda wa mwisho. Gari la magurudumu ya mbele lenye tairi za barabarani likizipita kwa sekunde 2.2, dereva wake amefanya kazi ya kusifiwa.

Kwa msomaji wa Nakuru kuna jambo jingine ambalo miongozo ya ng'ambo haitamwambia. Mji wenu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, na turbo, yaani pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, hulazimika kuzunguka zaidi ili kuijaza. Ukiteremka kwa njia ya Mau Summit na Kericho hadi Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, hewa ni nzito zaidi na turbo huamka mapema. Mwondoko uliouzoea Nakuru utateleza Kisumu. Uanze upya ukiwa na subira.

Kuhusu giaboksi, DSG hiyo ilisanifiwa kubeba niutoni-mita 350, na klachi zake mbili huogelea ndani ya mafuta ambayo hupaswa kubadilishwa kila kilomita 60,000. Kwa nguvu ulizo nazo, mimi ningeyabadilisha mapema zaidi. Usiondoke kwa nguvu kabla mafuta hayo hayajapata joto, nayo huchelewa kuliko maji ya rejeta. Na kati ya mwondoko mmoja na mwingine liendeshe gari taratibu kwa dakika kadhaa ili klachi zipoe.

Sasa barabara kuu: usifanye hivyo, saa yoyote ile. Mwisho wa mita 402 utakuwa ukikaribia kilomita 160 kwa saa, na kwa mwendo huo, tangu kuiona hatari hadi kusimama, unahitaji zaidi ya mita 150 za lami kavu. Alfajiri ndipo malori yanayopanda kutoka Salgaa hutembea polepole, na watu huvuka kwenda kukamua ng'ombe. Subiri siku za mashindano yaliyoidhinishwa na shirikisho la michezo ya magari nchini, ambako njia imefungwa na gari la wagonjwa liko tayari.

SWALI: Mimi ni dada wa Mamboleo, Kisumu, na ninashindana kwa Suzuki Swift Sport ya gia za mkono. Karatasi ya matokeo ilionyesha kwamba muda wangu ulikuwa mfupi kuliko wa mpinzani wangu, lakini yeye ndiye aliyetangazwa mshindi. Je, nilidhulumiwa?

JIBU: Hapana, dada. Saa yako haianzi taa ya kijani inapowaka. Huanza tairi za mbele zinapoondoka kwenye mwali wa mwanga ulio mstarini. Ukichelewa nusu sekunde baada ya taa, nusu hiyo haimo kwenye muda wako, lakini mpinzani amekwisha kwenda, na mshindi ni anayevuka mstari wa mwisho kwanza. Itazame karatasi yako tena, utaona muda wa kuitikia taa umeandikwa peke yake. Ujumlishe na muda wa mbio, ufanye vivyo hivyo kwa mpinzani wako, kisha ulinganishe jumla hizo mbili.